Blanketi Halina Joto: Safari ya Machakos

Ukitaka kujua kazi ya blanketi, msomaji, usiende Mombasa. Panda matatu uende Machakos mwezi wa Julai, ulale huko usiku mmoja, kisha utoke nje saa kumi na moja alfajiri. Mji huo uko kilomita 63 tu kutoka Nairobi, lakini umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, vilima vya Iveti na Mua vikiuzunguka, na alfajiri za Julai kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzi kumi za sentigredi. Wengi wetu tukisikia Ukambani tunawaza jua, vumbi na kiangazi. Mgeni wa aina hiyo hushuka kwenye stendi na shati la mikono mifupi, na kabla ya kiamsha kinywa atakuwa ameshauliza bei ya sweta.

Kila unayekutana naye saa hizo ni furushi la nguo lenye macho mawili. Mama amejitanda leso mbili na sweta juu yake. Kijana wa bodaboda amevaa jaketi la mitumba lililojaa pamba ya bandia. Mlinzi wa duka, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtaalamu mkubwa kuliko wote, amevaa koti refu, amejifunga shuka kiunoni, na chini ya makalio ameweka katoni iliyokunjwa mara tatu. Hakusomea jambo hilo popote, lakini analijua: baridi ya saruji ni mbaya kuliko baridi ya hewa.

Nakupeleka huko kwa ajili ya swali moja. Joto la mwili hupitaje katika nguo zilizopandana, na je, mtu anaweza kujifunika hata joto lake lisionekane kabisa? Swali la kwanza linamhusu kila mwenye kitanda. La pili limekuwa la maisha na kifo katika mbuga zetu, maana siku hizi askari wa wanyama wanazo kamera zinazoona joto gizani, na jangili naye anatafuta namna ya kulificha.

Safari yenyewe huanza kukufunza kabla hujafika. Ukishapita Mlolongo unaingia Athi River, na hapo kuna viwanda vya EPZ vilivyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, ambavyo vingi hushona nguo za kuuzwa ng'ambo, hasa baada ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000 kufungua soko la Marekani. Suruali ya jinzi inayovaliwa Chicago huenda ilipigwa cherehani hapa. Ichunguze nguo yoyote kwa kioo cha kukuzia utaona kwamba sehemu kubwa yake si uzi. Ni nafasi kati ya uzi na uzi, na nafasi hiyo imejaa hewa.

Hewa iliyotulia ni mpitishaji mbaya sana wa joto. Maji hupitisha joto mara ishirini na zaidi kuliko hewa, na alumini ya sufuria yako huipita hewa mara maelfu. Kwa hiyo unaponunua blanketi unanunua hewa iliyofungiwa, na sufu ni gereza tu la kuizuia isitembee. Ndiyo maana blanketi lililochakaa na kulala bapa halifai hata kama uzito wake haujapungua, na ndiyo maana nguo mbili nyepesi aghalabu hushinda moja nzito: kati yake umepata tabaka jingine la hewa bila kulilipia.

Mbele ya Athi River, kushoto kwako, utaona mwamba wa Lukenya. Kulia zinatandaza nyanda za Kapiti, ambako bado utawaona punda milia na kongoni wakila pamoja na ng'ombe. Watazame vizuri, kwa kuwa wanyama hawa wamevaa nguo pia. Mwaka 1972 mtafiti Virginia Finch alichapisha uchunguzi wake juu ya pofu na kongoni wa Afrika Mashariki, akipima joto linaloingia na kutoka katika manyoya yao juani. Miaka mitano baadaye, yeye na David Western waliangalia rangi za ng'ombe wa wafugaji hapa Kenya, wakaona kwamba kadiri nchi inavyozidi kuwa ya joto ndivyo ng'ombe wa rangi nyeupe-nyeupe wanavyozidi kuwa wengi. Mfugaji husema ni urembo tu. Jua nalo lina kura yake.

Punda milia ana kisa chake peke yake. Mwaka 2019 Alison na Stephen Cobb walichapisha vipimo walivyochukua hapa Kenya kwa punda milia walio hai na kwa ngozi tupu iliyotandazwa kwenye kianikio cha nguo. Mchana wa jua kali, milia myeusi ya mnyama aliye hai ilikuwa na joto la nyuzi 12 hadi 15 zaidi ya ile myeupe. Milia myeusi ya ngozi tupu iliendelea kupanda, hadi nyuzi 16 nyingine juu ya hapo, maana ndani yake hapakuwa na damu wala jasho la kuipoza. Wako wanasayansi wanaoshikilia kwamba kazi ya milia ni kuwachanganya mainzi, nami siwezi kuwaamulia ugomvi huo. Linalotuhusu hapa ni kwamba vazi hilohilo lina tabia moja likiwa tupu na nyingine likiwa na mwili ndani.

Mavazi ya watu nayo yana ajabu yake. Mwaka 1980 Finch huyohuyo, pamoja na Amiram Shkolnik, C. Richard Taylor na mwenzao mmoja, waliandika katika jarida la Nature juu ya majoho meusi ya Mabedui wa jangwani. Joho jeusi hula jua kuliko jeupe, hilo ni kweli. Lakini kwa kuwa ni pana, hewa hupita chini yake na kulibeba joto la ziada kabla halijafika kwenye ngozi, hata mwishowe mwenye joho jeusi na mwenye joho jeupe wakawa sawa. Mama wa Lamu anayetembea saa saba mchana na buibui lake linapepea hana haja ya kusoma Nature.

Kwenye njia panda ya Kyumbi kata kushoto, na kabla ya saa kupita umefika mjini. Machakos ulikuwa mji wa serikali kabla Nairobi haijawa chochote. Kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilijenga ngome hapa, ikauita mji jina la Masaku, mwaguzi mashuhuri wa Wakamba, kwa matamshi mabovu ya kigeni. John Ainsworth alitawala kutoka hapa hadi mwaka 1899, reli ilipofika Nairobi naye akahamisha makao yake huko. Wazee husimulia pia habari za Syokimau, yule mtabiri ambaye stesheni ya reli ya mwaka 2012 imepewa jina lake. Inasemekana aliona nyoka mrefu akitoka baharini, na watu wa rangi ya nyama mbichi wabebao moto katika nguo zao. Wengi hueleza kwamba moto huo ni kiberiti. Lakini ukizingatia, kila mtu hubeba moto katika nguo zake. Mwili uliotulia hutoa joto la wati mia hivi, sawa na ile balbu ya zamani iliyokuwa ikiunguza vidole, na ukitembea kwa haraka kupanda Mua unaweza kufikia wati mia tatu.

Ingia sasa kwa wachuuzi wa mitumba, ushike blanketi moja na kuuliza bei.

"Mama, hili lina joto?"

"Lina joto sana mwanangu, hata Limuru litakufaa."

Mlipe mama wa watu, asikuudhi. Lakini blanketi halina joto hata chembe. Lifunge kwenye jiwe baridi uliache usiku kucha, asubuhi jiwe litakuwa baridi vilevile. Joto ni lako mwenyewe, nalo linataka kutoka. Hutoka kwa kugusana, kama unapokalia saruji. Kwa kubebwa na hewa, kama upepo wa Mua unavyokupekua shingoni. Na kwa mnururisho, yaani miale isiyoonekana ambayo kila kitu chenye joto huitoa bila kugusa chochote. Blanketi huchelewesha njia hizo zote. Halifungi hata moja.

Hebu tupige hesabu kidogo, wanafunzi wachukue kalamu. Tuseme hewa ya usiku ina nyuzi 12, hakuna upepo, na ngozi yako ina nyuzi 33. Ukiwa na shati peke yake, uso wa nje wa shati utakuwa na nyuzi 24 au 25. Ongeza blanketi moja zuri juu yako: uso wa nje unashuka hadi kama nyuzi 18. La pili linaufikisha 15 na nusu hivi. Ukirundika manne, unafika karibu 14. Haya ni makadirio ya karatasini, lakini tazama mwenendo wake. Blanketi la kwanza limepunguza zaidi ya nyuzi sita, la pili mbili na nusu, na mawili ya mwisho kwa pamoja hayakufikisha mbili. Nyuzi 12 za hewa huzifikii kamwe, kwa sababu joto linalozalishwa ndani lazima lipite nje, na ili lipite, nje ya blanketi lazima pawe na joto kuliko hewa.

Hapo ndipo jangili anaponasika. Mwaka 2016 shirika la WWF lilianza kuwapa askari wa Maasai Mara kamera za joto, nyingine zikifungwa juu ya gari, na katika mwaka huohuo majangili zaidi ya ishirini wakakamatwa. Kabla ya hapo usiku ulikuwa wao. Kamera hiyo haihitaji mbalamwezi wala tochi. Huipokea miale ya joto yenyewe na kuigeuza picha, kilicho moto kikang'aa na kilicho baridi kikawa cheusi. Iliyo nzuri hutambua tofauti ya sehemu ya ishirini ya nyuzi moja. Sasa rudi kwenye hesabu yetu: mtu wa blanketi nne amezidi hewa kwa nyuzi mbili, yaani mara arubaini ya kile ambacho kamera inaweza kukitambua. Na hapo hatujasema lolote juu ya uso wake, vidole vyake na pumzi yake inayotia joto kitambaa kilicho mbele ya pua.

Mtu aweza kuuliza, je, akirundika ishirini? Kwanza hatatembea. Pili, akitembea, wati mia tatu zitakosa njia ya kutokea, atatoka jasho, na jasho litaingia katika zile nafasi zilizokuwa za hewa. Kumbuka maji hupitisha joto mara ishirini na zaidi kuliko hewa. Kinga yake inakuwa daraja. Kwa sababu hiyohiyo, msomaji, ukipanda Kilimambogo au Mua alfajiri, vua sweta kabla jasho halijaanza, ulivae tena ukifika juu.

Labda unadhani dawa ni karatasi ya alumini, ile ya kufungia nyama choma. Ni kweli kwamba alumini hutoa mnururisho kidogo mno, kama sehemu moja kwa ishirini ya ule wa nguo au ngozi. Lakini hugeuka kioo: badala ya joto la mtu, kamera inaona kinachoakisiwa na alumini hiyo, na usiku wa mbingu safi kinachoakisiwa ni anga lenyewe, ambalo ni baridi kuliko nyasi. Mtu aliyejifunika hivyo huonekana kama shimo jeusi lenye umbo la binadamu katikati ya mbuga. Amefaulu kuwa baridi, akashindwa kujificha.

Ukitaka kulielewa jambo hilo kwa macho yako, fika Kyamwilu, mwendo mfupi kutoka mjini, penye ile barabara ambayo maji hupanda mlima. Wenyeji watakumwagia chupa ya maji, nayo yataonekana yakikimbia kwenda juu. Dereva akiondoa gia, gari nalo litapanda. Masimulizi ya mahali hapo ni mengi na matamu. Maelezo ya sayansi ni makavu zaidi: mteremko ni mteremko, ila vilima vilivyouzunguka vimeinama kwa namna inayolidanganya jicho lione mpando. Jicho halipimi mteremko peke yake, hulinganisha na mazingira. Kamera ya joto hudanganywa kwa njia hiyohiyo. Hatafutwi aliye moto, hutafutwa aliye tofauti. Mawe ya Lukenya yaliyoota jua kutwa hubaki na joto muda mrefu baada ya nyasi kupoa, na kwenye kamera hung'aa kama taa. Ndiyo maana wanajeshi wanaoficha magari huyatundikia nyavu za matabaka mbali kidogo na bati, hewa ipite katikati, tabaka la nje lipoe na kufanana na vichaka vilivyo jirani. Hata hivyo injini ikinguruma kwa muda, joto hutafuta upenyo.

Tuwaache majangili na wanajeshi, turudi nyumbani, kwa maana hapo ndipo jambo hili huua kimyakimya. Baridi ya Julai ikizidi, wako wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga madirisha na kulala. Wanafunzi waliopanga vyumba vidogo vya bati, nawasemesha ninyi hasa. Makaa yanayoungua penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyeivuta usingizini haamki kulalamika. Shida ya chumba chako si ukosefu wa moto, wati mia unazo mwenyewe. Mara nyingi shida iko chini yako. Godoro jembamba likikandamizwa na uzito wa mwili hupoteza hewa yake, na joto lako linamezwa na sakafu usiku kucha huku ukiendelea kuongeza blanketi juu. Mwige mlinzi wa duka: weka katoni mbili tatu chini ya godoro, blanketi moja litandike chini na moja ujifunike, kofia ya sufu kichwani, soksi kavu miguuni. Aliye na kitoto kichanga amvalishe kofia na kumfunga kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, leso na shuka zikipita juu ya wote wawili.

Makaa yenyewe nayo si mchezo. Kwa miaka mingi Nairobi imepikia miti ya Ukambani, na ukipita nyuma ya vilima vya Machakos utaona mabonde ambayo mzee atakuambia yalikuwa vichaka. Ndiyo maana nakushauri usiondoke sokoni bila kyondo kikubwa cha katani. Akina mama wengi wa Kenya wamekwisha kukijua kikapu cha kupikia bila moto, nacho ni blanketi la sufuria, hakuna zaidi. Ndani ya kyondo shindilia nguo kuukuu, pamba au mabaki ya sufu, unene wa vidole vitatu kila upande hata chini, uyafunike kwa kitambaa safi, uache shimo linaloitosha sufuria barabara. Shona na mto wa kufunikia juu.

Jaribu kwa muthokoi, chakula cha mahali. Chukua mahindi yaliyokobolewa, yakiwa ya mbegu ya Katumani kutoka kituo cha utafiti kilicho hapohapo karibu na mji ni vizuri zaidi, na mbaazi au maharagwe. Viloweke usiku kucha. Asubuhi vichemshe kwa nguvu nusu saa au zaidi, hasa maharagwe, maana mabichi yana sumu ambayo mvuke wa kapu peke yake hauimalizi. Kumbuka pia kwamba kwenye mwinuko wa Machakos maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi wala si 100, hivyo usiharakishe. Sufuria iwe imejaa. Iliyojaa nusu hupoa upesi. Itoe motoni ikitokota, mfuniko ukiwa juu, uitumbukize kapuni, ugandamize mto na uende zako kanisani au sokoni. Saa nne baadaye sufuria bado itakuunguza vidole. Irudishe motoni ichemke kidogo, kaanga kitunguu, chakula tayari.

Usifunue katikati kuonja. Kila ukifunua, hewa ya moto uliyoifungia inatoka yote kwa mara moja, na kapu halina moto wa kukurudishia. Watoto wakiuliza mbona jikoni hakuna moshi na saa sita imefika, waonyeshe kyondo kilichofunikwa blanketi pale pembeni.